Kituo cha kulelea watoto kikimkataa mwanao Marekani

Mzazi aliyemlea mtoto mwenye ulemavu Kisumu au Nakuru huhamia Marekani na desturi moja isiyomfaa huko, nayo ni kumwendea mwenye kituo kama mwombaji wa hisani. Dada yangu alifanya hivyo. Mwanawe wa miaka 4 ana mtindio wa ubongo na bado anavaa nepi, na dada alipoambiwa kwa upole kwamba kituo hupokea watoto wa umri huo waliokwisha kuzoea choo tu, alishukuru akaondoka.

Hakupaswa kushukuru. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 inavibana hata vituo vya binafsi, vikiwemo vinavyoendeshwa nyumbani kwa mtu, isipokuwa vile vilivyo chini ya taasisi za kidini. Kituo hakimkatai mtoto kwa kusikia jina la ugonjwa; sharti kipime mahitaji yake yeye binafsi, kisha kirekebishe taratibu zake kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo kituo kinachowabadilisha nepi watoto wachanga kwa kawaida hutakiwa kumbadilisha pia mtoto mkubwa anayezihitaji kwa sababu ya ulemavu. Hofu ya bima kupanda si sababu halali, wala mzazi hatozwi ada ya ziada kwa jambo ambalo sheria inalilazimisha.

Mipaka ipo. Kituo kinaweza kukataa iwapo mtoto ni hatari ya kweli kwa wenzake, au iwapo marekebisho yangebadilisha kabisa asili ya huduma au kuwa mzigo usiobebeka. Mlezi wa kumhudumia mtoto mmoja tu kutwa nzima, kwa mfano, kwa kawaida hakilazimiki kumwajiri. Lakini mlezi huyo akilipiwa na mzazi au serikali, kuhitajika kwake peke yake si sababu ya kumfungia mtoto mlango.

Kabla ya kusafiri, kusanya kijitabu cha kliniki, ripoti za daktari na ile ya kituo cha tathmini ya elimu. Karatasi za Russia, kama tunavyoiita hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu, zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo gharama ya kutafsiri haipo. Ukifika, mtoto aliye chini ya miaka 3 muombee tathmini katika mpango wa jimbo wa huduma za mapema kwa watoto wadogo wenye ulemavu, kwa kuwa mzazi anaweza kuomba mwenyewe, bila malipo. Aliyetimiza miaka 3 hushughulikiwa na wilaya ya shule za umma.

Ukikataliwa, andika barua fupi siku hiyohiyo ukitaja tarehe, uliyezungumza naye na maneno aliyotumia, kisha omba sababu kwa maandishi. Jibu lisiporidhisha, malalamiko hupelekwa Wizara ya Haki ya Marekani, bila ada na bila kulazimika kuwa na wakili. Dada aliandika barua hiyo wiki mbili baadaye, na swali la kwanza aliloulizwa na kituo lilikuwa ni nepi za saizi gani.