Maji machafu ya CPU, yaani kituo cha pamoja cha kumenya na kuosha kahawa: piga hesabu kabla hujachimba shimo

Msimu wangu wa kwanza kusaidia chama cha msingi huku Kilimanjaro, tulianza na jembe. Tukachimba shimo kubwa, na wiki ya pili likafurika usiku. Asubuhi maji ya rangi ya chai, yenye povu na harufu kali ya uchachu, yalikuwa yameshaingia kwenye mfongo, mfereji wa asili unaoleta maji kijijini. Akina mama waliokuja kuteka waligeuza na ndoo zao tupu. Tangu siku ile sichimbi kabla ya kuhesabu.

Tarakimu za shilingi hapa chini ni za mfano. Weka za kwako.

Hatua ya 1: Pima maji

Kinga ndoo ya lita 20 kwenye bomba linaloingiza maji mtamboni, ushike saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 10, unatumia lita 7,200 kwa saa. Mkimenya saa 7, ni kama lita 50,000 kwa siku. Ikiwa mmepokea kilo 5,000 za matunda mabivu, mnatumia lita 10 kwa kila kilo. Ni nyingi mno. Kuna mitambo ya kisasa inayotumia chini ya lita 1 kwa kilo.

Hatua ya 2: Geuza uchafu kuwa kilo

Hapa ndipo wengi hupotea. Peleka chupa ya maji hayo maabara wapime BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu huimaliza vikiozesha uchafu. Tuseme wamepata miligramu 3,000 kwa lita. Zidisha kwa lita 50,000: ni kilo 150 kwa siku. Kiwango cha Tanzania cha kutiririsha ni miligramu 30. Kuna anayefungulia bomba ili ukali upungue. Usifanye hivyo: kilo ni zilezile, na bili ya maji imeongezeka.

Hatua ya 3: Panga njia kwa gharama ya kilo moja

Anza na maganda. Yanachukua kama asilimia 40 ya uzito wa tunda, na yakikaa majini sukari yake inayeyuka humo. Yatoe bila kuyasukuma kwa maji, kwa mfereji wa mbao na toroli, yaende kwenye mboji. Chombo cha shilingi 1,200,000 kikidumu miaka 4 ni 300,000 kwa mwaka, kibarua 300,000. Uchafu ukishuka kutoka kilo 150 hadi 90, kwa siku 40 za kumenya umezuia kilo 2,400. Ni shilingi 250 kwa kilo.

Kisha zungusha maji. Yaliyooshea kahawa yamenye matunda. Ila uoshaji wa mwisho uwe wa maji safi, na maji ya kuzungusha yabadilishwe kila siku, la sivyo kahawa itanuka. Pampu na tangi ni 4,000,000. Fedha inarudi hivi: ukishuka hadi lita 15,000 kwa siku, shimo la kuhifadhi maji ya siku 10 linakuwa mita za ujazo 150 badala ya 500. Kwa fundi wa shilingi 20,000 kwa mita, umeokoa milioni 7.

Shimo, chokaa ya kupunguza ukali wa tindikali na ukanda wa nyasi za vetiva vije mwisho. Shimo la 3,000,000 kwa miaka 5, na matunzo na chokaa 480,000, ni 1,080,000 kwa mwaka. Likiondoa nusu ya kilo 3,600 zilizobaki (90 kwa siku 40), kila kilo imegharimu 600. Kilo za mwisho huwa ghali zaidi, kwa hiyo maji yanayobaki usiyapeleke mtoni. Yaishie kwenye nyasi, mbali na visima. Shimo lenyewe likae zaidi ya mita 60 kutoka kingo za mto, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka.

Hatua ya 4: Igawe kwa kilo ya matunda

Jumlisha za mwaka: maganda 600,000, pampu na tangi kwa miaka 5 ni 800,000, na shimo 1,080,000. Jumla 2,480,000. Gawa kwa kilo 200,000 za msimu: haifiki shilingi 13 kwa kilo.

Wanachama watauliza kwa nini wakatwe. Waambie kwamba leo gharama hiyo inalipwa na yule mama anayetembea saa nzima zaidi kutafuta maji, wakati sheria inasema mchafuzi ndiye alipe. Andika hesabu yote ubaoni kwenye mkutano mkuu kabla matunda hayajaanza kuiva, makato yapitishwe mapema fundi aanze kazi.