Kuandika shairi la watoto: anza na kibwagizo

Wengi huandika ubeti kutoka juu kwenda chini, na wakifika mshororo (mstari) wa nne wameshaishiwa. Ndipo hubandikwa "tusome kwa bidii", maneno ambayo mtoto keshayasikia hadi yamemchosha. Tunga kibwagizo kwanza, yaani mshororo wa mwisho, kwani ndicho kitakachorudiwa kila ubeti. Kiwe swali au mshangao, nasaha haziimbiki.

Mfano wa tarbia, shairi lenye mishororo minne kila ubeti:

Penseli imetoweka, haipo tena mezani,
Nikainama haraka, nikachungulia chini,
Kumbe wote wanacheka, imekaa sikioni!
Macho yangu yana nini, mbona hayanionyeshi?

Kila mshororo una mizani (silabi) 16: nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Zihesabu kwa kugonga meza huku ukitamka, maana macho hudanganya. Kinachowaponyoka wengi ni M inayotamkwa peke yake: "mkobani" ni mizani nne (m-ko-ba-ni), ilhali "mbona" ni mbili (mbo-na). Kwa hiyo "sijaiona mkobani" haiwezi kukaa kwenye utao wa kwanza, ina tisa. Mizani ikizidi moja, tafuta kwanza kiambishi cha kuondoa: "nikaichungulia chini" ikipoteza -i- inatimia nane. Kufupisha maneno kwa inkisari kunaruhusiwa, ila msomaji mdogo hukwama kwenye neno lililokatwa, na akikwama mara mbili anaacha.

Kina, yaani sauti inayofanana mwishoni mwa ukwapi au utao, ni silabi nzima. "Haraka" na "wanacheka" vinaoana. "Wanacheka" na "wanasoma" havioani, ingawa vyote vinaishia na A. Kabla ya kutunga, orodhesha maneno kama kumi yenye kina ulichochagua, kisha futa yasiyohusu kisa. Yakibaki mawili, badili kina, usilazimishe. Kina cha -ni kinajaa upesi kwa sababu ya maneno ya mahali, lakini beti tano mfululizo za "mezani, shuleni, nyumbani" zinachusha.

Kwa wanaoanza kusoma, acha utao: mizani nane kwa mshororo, beti tatu, basi.

Siku ya kulighani, wafundishe wasikilizaji kibwagizo kabla hujaanza, nao wakipokee kila ubeti. Tua kidogo kwenye koma ya katikati. Anayepitiliza huua vina vya kati. Usilieleze shairi kabla ya kulisoma. Vijana wakubwa kidogo wape mchezo wa kujibizana: mmoja anatoa ubeti, mwenzake anajibu kwa vina vilevile. Hapo ndipo hata wale wanaodai hawapendi ushairi huanza kugonga meza.

Unapolituma kwa simu, mshororo wa mizani 16 hukatika ovyo kwenye kioo chembamba, basi ukate mwenyewe penye koma, utao ushuke mstari wa chini. Shairi la mtoto litumwe kwa idhini yake na ya mzazi, kwa jina la kwanza au la kubuni, bila jina la shule. Na ukimsahihisha, mwonyeshe mshororo uliopungua mizani, umwachie autengeneze mwenyewe.