Kunyamazisha maonyo ya Excel kwa aliyezoea

Depo yetu inauza unga wa mahindi, mifuko ya kilo 25, na mwingi unapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Faili ya wateja ina safu ya namba za simu, zote zinaanza na 0, kwa hiyo tumeziweka kama maandishi ili sifuri isimezwe. Excel inaona kosa hapo: kila seli inapigwa kipembetatu cha kijani pembeni, na safu nzima inakuwa kama shamba la mihogo.

Fungua Fichier, halafu Options, halafu Formules (kompyuta nyingi hapa Lubumbashi zinaongea Kifaransa). Chini kuna orodha ya kanuni za ukaguzi, kila moja na tiki yake. Toa tiki kwenye ile ya namba zilizoandikwa kama maandishi, basi. Wengi wanakimbilia tiki ya juu, inayozima ukaguzi wote, na hapo mimi nagoma. Kanuni ya fomula isiyofanana na jirani zake inanilindia hela. Safu yangu ya malipo inagawanya franka kwa kiwango cha dola kilichoko F1, kila mstari =C14/$F$1, =C15/$F$1 na kuendelea. Msaidizi akiwa na haraka anaandika =C16/2800. Siku ambayo F1 ina 2800, jibu ni lile lile. Kiwango kikibadilika, mstari ule unabaki nyuma kimya kimya. Kipembetatu ndicho kinachomchongea. Kama rangi ya kijani inakuudhi, pale pale chagua kijivu.

Mpangilio huo unakaa kwenye kompyuta, si kwenye faili. Ukimtumia mhasibu faili, yeye ataona kijani kama kawaida. Ukitaka na yeye asione, chagua seli kuanzia ile ya kwanza yenye kipembetatu, bonyeza alama ya mshangao inayotokea kando, kisha « Ignorer l'erreur ». Hiyo inahifadhiwa ndani ya faili.

Swali la kila asubuhi, kama Excel isasishe viungo (data inayochotwa kwenye faili nyingine), linazimwa kwenye Options avancées, sehemu ya Général. Ila soma vizuri: ukitoa tiki ile, Excel haiachi kusasisha, inasasisha bila kukuuliza. Kwa bei zinazotoka kwenye faili ya bosi, mimi nimeacha swali libaki.

Onyo la CSV (faili ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama), lile la kusema data inaweza kupotea, lizime bila wasiwasi ikiwa unajua kwamba CSV inabeba karatasi moja tu, bila rangi wala fomula.

Kwa makro (programu fupi zinazoendeshwa ndani ya Excel), usiruhusu zote. Weka faili zako kwenye folda moja na uisajili kama emplacement approuvé, yaani mahali Excel inapopaamini. Zitafunguka bila kelele, na zinazotoka kwenye intaneti, zikibaki nje ya folda hiyo, zitaendelea kuzuiwa. Ndani ya makro yenyewe, Application.DisplayAlerts = False inaifanya Excel ifute karatasi au iandike juu ya faili ya zamani bila kuuliza, pale makro inapoamuru hivyo. Iweke mstari mmoja kabla ya kazi hiyo, na mstari unaofuata baada ya kazi hiyo urudishe True, hata kama Excel huirudisha yenyewe makro ikiisha.

Onyo la kuburuta seli juu ya seli zenye data sijaligusa. Na kompyuta ya stajiere (anayejifunza kazi) iacheni na maonyo yake yote, mpaka ajue lipi linasema nini.