Jinsi ya kwenda Moshi na familia kumshangilia ndugu yenu Kili Marathoni bila kumkosa barabarani

Habari zenu. Mdogo wangu wa kiume anakimbia zile kilomita 42 za Kili Marathoni (mbio za Kilimanjaro), na sisi familia tumeshamfuata Moshi mara 3 kutokea Dar: mimi, mama, mjomba na watoto wangu 2. Mwaka wa kwanza tulimkosa kabisa. Tulikaa uwanja wa Ushirika, pale mbio zinapoanzia na kuishia, toka asubuhi, yeye akapanda Mweka, kule mlimani, peke yake anaangalia kila kona labda atatuona, alipofika akamwambia mama "nilijua mmebaki gesti". Ile kauli iliniuma sana. Miaka 2 iliyofuata tulijipanga, na hivi ndo tunavyofanya.

Hatua ya 1: gesti na basi, mapema

Mbio huwa Jumapili, mwishoni mwa Februari au hapo hapo karibu. Wikiendi hiyo Moshi inafurika, gesti za karibu na uwanja zinaisha na bei inapanda, kwahiyo lipia mwezi mmoja na nusu kabla. Chukua sehemu ambayo unaweza kutembea kwa miguu mpaka Ushirika, hii ni muhimu kuliko runinga na AC, maana asubuhi ya mbio barabara zinafungwa na bajaji hazipiti. Basi la Ijumaa alfajiri pale stendi ya Magufuli Mbezi linatosha, mnafika jioni, na mkimbiaji anapata Jumamosi nzima ya kupumzisha miguu.

Hatua ya 2: kaeni na mkimbiaji mpige hesabu

Hapa ndo pa kutumia muda, msiruke. Chukueni ramani ya njia ya mwaka huo (inaweza kubadilika, msitegemee ya mwaka jana). Njia tuliyoizoea sisi, nusu ya kwanza ni ya mjini na barabara ya kuelekea Dar, kisha kuanzia kama kilomita ya 21 ni kupanda kuelekea Mweka mpaka kama ya 32, wanageuza, halafu wanateremka mpaka uwanjani.

Muulize anakimbia kilomita moja kwa dakika ngapi. Wa kwetu ni 6, na kwenye mlima tunamwekea 7. Wanaanza saa 12 na nusu asubuhi, kwahiyo kilomita ya 21 atakuwepo saa 2:36, ya 29 saa 3:32, kugeuza saa 3:53, anarudi pale pale tulipomuona (sasa ni kilomita ya 35) saa 4:11, kumaliza saa 4:54. Andika kwenye karatasi, tena kwa saa zetu za Kiswahili, maana saa ya mkononi ya mkimbiaji inasoma 8:36 na mama yangu ilimchanganya. Kila muda anzeni kumsubiri dakika 15 kabla mpaka dakika 20 baada, hapo katikati hakuna kwenda chooni wala kununua chai.

Umeona hiyo ya kilomita 29 na 35? Sehemu moja, unamuona mara 2, akipanda na akishuka. Ndo siri yenyewe.

Hatua ya 3: sare

Barabarani kuna maelfu ya watu, na ukumbuke kule Mweka wakimbiaji wa zile mbio za kilomita 21 nao wanapanda njia hiyo hiyo. Mtu aliyechoka haoni sura, anaona rangi. Sisi tunavaa kitenge kimoja cha njano kali, wote, mpaka watoto. Na mkubaliane upande, kwa mfano "tutakuwa kushoto kwako ukipanda", ili asihangaike kugeuza shingo. Simu usizitegemee, mtandao siku hiyo unasumbua na wengi wanakimbia bila simu.

Hatua ya 4: gawaneni

Mama na watoto wanabaki uwanjani, kuna kivuli na vyoo. Mimi na mjomba tunapanda na boda saa 11 alfajiri kabla barabara haijafungwa, tunashuka njiani kwenye migomba, tunasubiri. Tunabeba maji, kofia, mkeka mdogo na ndizi mbivu. Asubuhi Kibo (kilele cha Kilimanjaro) kinaonekana vizuri kabisa, ila ikifika saa 3 jua la Moshi halina utani. Wa juu mkubali mapema kwamba hamtamuona akimaliza, akishawapita mara ya pili hamuwezi kumuwahi chini. Mimi mwaka wa pili nililia kidogo kwa hilo lakini sijutii.

Hatua ya 5: maneno ya kumwambia

Kuanzia kama kilomita ya 30 akiba ya wanga mwilini inaanza kumwishia, miguu inakuwa mizito, kichwa kinamwambia asimame. Hapo usimwambie "umekaribia" wakati bado ana kilomita 13, inamvunja moyo. Mwite kwa jina. Mpe kitu kimoja cha kweli, kama "mteremko unaanza pale mbele" (hakikisha ni kweli!) au "mama yupo getini anakusubiri". Usikimbie pembeni yake, usimshike, na usimpe chakula ambacho hajakizoea mazoezini, tumbo litamharibikia. Akishapita, washangilieni na wengine, kuna watu wanapanda pale hawana ndugu hata mmoja.

Hatua ya 6: uwanjani

Akimaliza asikae chini palepale, mtembezeni polepole dakika 10 hivi, mpeni maji kidogo kidogo na kitu chenye chumvi. Akiongea vitu visivyoeleweka, akitapika mfululizo au akianguka, msimpeleke gesti, moja kwa moja kwenye hema la huduma ya kwanza. Kandambili abebe mama, viatu vinabana sana muda huo. Baada ya saa moja hivi mtafutieni mtori, unashuka wenyewe hata kwa mtu asiye na hamu ya kula.

Hatua ya 7: kurudi

Msikate tiketi ya Jumapili mchana, nawaomba. Kukaa kwenye siti masaa 9 au 10 na miguu ile ni mateso. Ondokeni Jumatatu, yeye mpeni siti ya upande wa njia ili anyooshe miguu, na basi likisimama Korogwe mshusheni atembee hata dakika 5.