Jinsi ya kumweleza shosho vile kansa inadanganya kinga ya mwili

Kama kwenu kuna mtu ameambiwa aanze imunotherapi (dawa za kusaidia kinga ya mwili ipigane na kansa) na wewe ndio umeachiwa kuelezea wengine, usianze na majina. Mimi nilianza na PD-1, shosho akaniuliza hiyo ni matatu ya Kawangware ama ya Kangemi. Basi nikashikilia hapo hapo.

Anza na makanga. Dere haoni mlango, anasikiza bodi tu, ikigongwa mara mbili anatoka, mara moja anasimama (gonga meza ukiongea, inasaidia). Seli T, zile za kinga zinazoua, ziko hivyo. Kugonga kwa kwanza ni kipokezi chake kikitambua kipande cha protini geni kwa seli ingine, kwa pili ni CD28, kipokezi kingine cha hiyo seli T, halafu ujumbe unapitishwa ndani, protini moja inabandika ingine fosfeti (kijialama cha kemikali) mpaka kwa kiini, seli inaamka.

PD-1, kipokezi kingine juu ya seli T, ndio ile moja ya kusimama. Ikishikwa na PD-L1, protini iliyo juu ya seli zingine, hata za kansa, inaita kimeng'enya SHP2, kinabandua fosfeti, dere anazima. Breki yenyewe si mbaya, bila hiyo kinga ingekula mwili wako, shida ni kansa imejua kugonga kama makanga.

Hapa usikimbie: seli T ikishambulia inamwaga interferoni gama (protini ya kupeleka ujumbe), kansa inaisikia kupitia JAK-STAT, njia ya kupitisha ujumbe ndani ya seli, na inajibu kwa kuanika PD-L1 zaidi! Yaani kichapo ndio kinaifunza kujikinga.

Sasa dawa. Pembrolizumabu, moja ya hizo za imunotherapi, haiui kansa yenyewe, inafunika PD-1 isigongwe. Honjo wa Japani na Allison wa Marekani walipata Nobel 2018 kwa kazi ya hizi breki.

Kwa ripoti tafuta asilimia ya PD-L1. Ikiwa juu ni dalili nzuri, si ahadi, kuna kansa zimeficha vile vipande vya protini, na hapo hata ukitoa breki hakuna wa kugonga mbili.

Shosho akafikiria, akasema, "Na matatu bila breki si itagonga watu?" Ndio hiyo sasa, shosho! Kinga inaweza kugonga mwili wenyewe: kuharisha, kikohozi kipya, uchovu kwa sababu tezi ya shingo imeguswa, hata miezi baada ya kumaliza dawa. Mgonjwa akiona hizo apigie kliniki siku hiyo hiyo, asinunue ya kuharisha kwa kemisti akae akingoja.