Muvi za pembeni za Star Wars: ipi ukae uiangalie, ipi uipite

Mpwa wangu yuko UDOM, juzi kanitumia meseji usiku, "Anko nimemaliza zote tisa, sa zile za pembeni naanza na ipi?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, dakika ya nne bado niko kwenye utangulizi, nikaona isiwe tabu ngoja niandike, maana najua sio yeye tu.

Kwanza tuelewane. Zile tisa ni za stori kuu ya Star Wars, ile ya vita vya huko angani, ya kwanza ilitoka 1977 na ya mwisho 2019. Za pembeni ni zile zilizo kwenye dunia hiyo hiyo, anga hilo hilo, wakati mwingine sura zile zile, ila hazina namba kwenye mlolongo. Rogue One ya 2016, Solo ya 2018, ile katuni ya The Clone Wars ya 2008, muvi mbili za Ewok, vile viumbe vidogo vya manyoya, za 1984 na 1985 zilizotengenezwa kwa ajili ya TV, na ile shoo ya sikukuu ya 1978 ambayo nitaifikia, hiyo ina hadithi yake.

Kosa nililofanya mimi ndo hilo wengi tunafanya. Nilienda kwa dogo mmoja pale Majengo anayeingiza muvi kwenye flashi, mia tano moja, nikamwambia niwekee Star Wars zote. Zote! Akaniwekea kweli, mpaka vitu ambavyo hata yeye hajui ni nini. Nikarudi home Nkuhungu nikachomeka flashi kwenye TV, faili ziko kibao hazina mpangilio, nikabonyeza ya kwanza nikijua zote si Star Wars tu.

Ikawa ile shoo ya 1978. Sebuleni tulikuwa watatu, mimi, dada, na bibi yetu aliyekuja kutoka Kongwa na kiroba chake cha karanga anamenya taratibu. Inaanza tu, yule Chewbacca, mwenye manyoya rafiki wa rubani Han Solo, anataka kuwahi nyumbani kwenye sikukuu yao, alafu inahamia kwa familia yake, mke, baba mzee na mtoto, wote manyoya kuanzia kichwani mpaka miguuni, na wanaongea kwa kunguruma. Hakuna maandishi chini. Hakuna wa kutafsiri. Mngurumo mtupu dakika baada ya dakika. Dada akachukua rimoti akapandisha sauti, akashusha, akasema flashi imekufa hiyo. Mi nikachomoa nikaipuliza, nikarudisha. Bado wananguruma. Bibi akaacha karanga akauliza, "Hawa nao wanagombana au wanasalimiana?" Sikuwa na jibu mpaka leo. Baadaye ndo nikaja kujua kumbe ndivyo ilivyotengenezwa, ilirushwa mara moja tu kwenye televisheni ya CBS kule Marekani, Novemba 17 1978, na hawakuirudia. Kitu pekee ambacho wapenzi wanakikumbuka mle ndani ni kakatuni kafupi ambako Boba Fett, yule anayewinda watu kwa malipo, anaonekana kwa mara ya kwanza.

Toka siku ile nikabadili namna ya kuchagua, nikaanza kutumia kiporo. Ukimaliza kula usiku kuna kinachobaki sufuriani, na maharage ya jana kila mtu anajua asubuhi yanakuwa matamu kuliko yalivyokuwa usiku. Sasa muvi nayo ukiimaliza kuna maswali yanabaki kichwani, hayo ndo viporo vyako. Kabla hujamlipa mtu au kuunguza bando, fungua noti kwenye simu andika maswali matatu yaliyokubakia, yale ya kwako kabisa, usiende kuskroli kuona wengine wanauliza nini. Alafu tafuta muvi ya pembeni inayojibu swali ulilonalo. Kama inajibu swali ambalo hukuwa nalo, iache kwanza, hata kama dunia nzima inaisifia.

Mpwa alinitumia yake matatu. La kwanza, ile ramani ya Death Star waasi waliipataje, na inakuwaje silaha kubwa vile inaachiwa kitundu cha kijinga cha kuilipulia? Hilo swali ndo Rogue One yenyewe. Kwenye muvi ya 1977 yale maandishi ya mwanzo yanayopanda juu yanataja majasusi walioiba ramani, basi, sentensi moja imepita. Na kile kitundu wanasema kina upana wa mita mbili. Watu walikicheka miaka karibu arobaini, uzembe gani huu wa mainjinia. Rogue One inachukua ile sentensi moja na kile kicheko inavitengenezea stori ya masaa mawili na dakika 13: kumbe aliyeisanifu alilazimishwa kazi, akaacha udhaifu makusudi, na binti yake Jyn ndo anaingia kwenye msala wa kutafuta ramani. Mwisho wake sikwambii. Ila ukitoka pale, rudi uangalie dakika kumi za mwanzo za ile ya 1977, utaziona kwa macho mengine kabisa, maana ile ya 1977 inaanzia karibu pale pale Rogue One inapoishia.

Na kwa sababu hiyo hiyo, usije ukaianza Rogue One kabla ya ile ya 1977 eti kwa vile matukio yake yametangulia. Wapo wanaoshauri hivo, mi sikubaliani nao hata kidogo, utakuwa unapewa jibu wakati swali hujaulizwa. Kama una safari ya Dar na SGR ipakue kwenye simu, ukiianza treni inapoondoka Dodoma utaimaliza umeshaiacha Morogoro, na muda wa kukaa kimya kidogo unabaki. Utauhitaji.

Swali lake la pili, Han Solo na Chewbacca walikutana wapi. Hapo ni Solo, masaa mawili na robo. Hii mi naipenda nusu nusu. Tatizo lake inajibu maswali mpaka yale ambayo hakuna aliyeuliza, mfano jina. Kuna sini Han anajiandikisha jeshini, afisa anamuuliza watu wako ni kina nani, anasema sina mtu, afisa anafikiria kidogo anamwandikia "Solo", yaani mpweke. Nani alikuwa halali usiku akiwaza hilo jina limetoka wapi? Lakini kuna kiporo kimoja inakipasha moto vizuri sana. Mwaka 1977 Han anajisifu kwamba chombo chake kilimaliza njia ya Kessel kwa paseki chini ya 12, na paseki ni kipimo cha umbali, kama miaka ya nuru 3.26 hivi, sio kipimo cha muda. Ni sawa na bodaboda akutambie amekutoa mjini mpaka Kisasa kwa kilomita chache. Chache kivipi wakati barabara ni ile ile? Solo inakuonyesha: alikata njia ya hatari ambayo wengine wanaizunguka, kwahiyo umbali wenyewe ulipungua. Kama hilo liliwahi kukukera, iangalie. Kama hata hukulisikia, ni muvi ya wizi na kamari ya jumapili mchana, haina shida, Donald Glover kama Lando, yule mcheza kamari, anatosha kukuweka kwenye kochi.

Watu watakwambia Solo mbaya kwa sababu walibadilisha madairekta katikati ya shutingi mwaka 2017 akaletwa Ron Howard. Ni kweli walibadilisha, ila umbea wa jikoni usikuchagulie chakula. Rogue One nayo ilirudiwa baadhi ya sehemu, akaletwa Tony Gilroy kusaidia kuiandika upya, na hiyo ndo wengi wanaipa namba moja. Mapato pia yasikuzuge, Rogue One ilipita dola bilioni moja, Solo haikufika hata milioni 400, hiyo inakwambia watu walienda sinema, haikwambii wewe utapenda.

La tatu kauliza Ahsoka ni nani mbona kila mahali anatajwa. Hapa ndo kwenye mtego, maana jibu liko kwenye katuni ya 2008 lakini hiyo katuni imeunganishwa kutoka kwenye epsodi za siriz, na inaonekana, inakatika katika. Ahsoka anatambulishwa kama mwanafunzi wa Anakin, mmoja wa wahusika wakuu wa zile tisa, anaongea sana, unaweza ukamchukia. Utamu wake unakuja mbele huko kwenye siriz yenyewe ambayo ina misimu saba. Kwahiyo jiulize kabla: hii muvi inanipa homuweki kiasi gani? Rogue One homuweki ni muvi moja. Solo ni hiyo hiyo moja. Clone Wars ukiiangalia umefungua mlango wa epsodi zaidi ya mia, kama uko kwenye mitihani funga huo mlango. Ile ya The Mandalorian and Grogu iliyopangiwa Mei 2026 nayo inatoka kwenye siriz ya misimu mitatu, usiingie mikono mitupu. Andor sio muvi, ni siriz ya Cassian Andor, jasusi wa waasi aliyemo kwenye Rogue One, ila naitaja kwa sababu ni epsodi 24 zinazoishia mlangoni mwa Rogue One, na mi nashauri uangalie muvi kwanza, ukishajua yule jamaa anaelekea wapi kila hatua yake inakuuma.

Za Ewok hizo ni za watoto, na hata kwa watoto uwe makini. Ya kwanza ndugu wawili wanatafuta wazazi wao waliochukuliwa na jitu, wanawapata, mtoto wa dada yangu akapiga makofi akaruka ruka. Nikajifanya mjanja nikaunganisha ya pili papo hapo, dakika za mwanzo tu wanavamiwa, wale wazazi wanauawa, na kaka mtu naye anauawa. Kalilia kale katoto mpaka dada akaniangalia vile anavyoniangalia. Ya kwanza mpe. Ya pili ficha.

Hii ya viporo inafanya kazi hata nje ya Star Wars. Bumblebee ya 2018 hailetei swali lolote kutoka Transformers nyingine, ni binti mmoja na roboti mmoja mwaka 1987, inasimama yenyewe, unaweza kumpa mtu asiyejua chochote. Alien vs. Predator ya 2004 haijibu kiporo, inajibu ubishi wa kijiweni, nani angempiga nani, hiyo ni ya kibanda umiza na kelele zake, peke yako chumbani haina ladha.

Ukiwa bado hujui, ipe muvi dakika ishirini. Kama mpaka hapo kinachokushikilia ni kutambua majina na vyombo tu, zima, kalale.

Kwahiyo mpwa nikampangia: Rogue One, dakika kumi za 1977, Solo akifunga chuo, Clone Wars asubiri. Nikasafisha na flashi, ile ya sikukuu nikaifuta ya kwanza. Wiki iliyofuata bibi kapiga simu kutoka Kongwa, tumesalimiana, kauliza mvua, kauliza kazi, alafu kimya kidogo.

"Eti mjukuu wangu, yule mwenye manyoya alifika kwake sikukuu?"

Jumamosi naenda Majengo na mia tano yangu.