Kitambi kinaanzia kwenye dumu la mafuta

Swali ninaloulizwa kuliko yote uwanjani ni hili: "Kocha, nifanye zoezi gani tumbo liishe?" Na mimi humwuliza anayeuliza: nyumbani mboga mnaikaanga kwa mafuta kiasi gani? Wengi hushangaa. Wamekuja kutokwa jasho, mimi naulizia sufuria.

Nauliza kwa sababu nimeshafundisha watu wengi wanaojituma kwelikweli, wanaamka alfajiri, hawakosi siku, na bado suruali haifungi. Piga hesabu nami. Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita 5 anatumia kilokalori kama 250. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kilokalori zipatazo 120. Vijiko viwili vya ziada kwenye sahani yake vimeshameza matembezi yote. Daraja la Tanzanite hapa Dar lina urefu wa kilomita 1.03, ukilitembea kwenda na kurudi unatumia kilokalori mia moja hivi. Ukishuka upande wa Coco Beach ukanunua soda ya mililita 350, soda peke yake imeshapita hapo, na sahani ya mihogo ya kukaanga bado hujaigusa.

Kwa hiyo anza na mafuta. Usimimine kutoka kwenye dumu. Mkono wa mpishi hauna mizani. Chukua kijiko cha chakula, na kwa sufuria ya mboga ya watu wanne weka viwili, basi. Kaanga kitunguu, kikianza kushika chini ongeza maji kidogo badala ya mafuta, tia nyanya na karoti, funika zitoe maji yake. Mchicha au matembele yaingie mwishoni, dakika tatu zinatosha. Kwa kisamvu, maharage au samaki wa nazi, tumia tui jepesi, na tui zito liwe la kuonjesha tu. Samaki mpike chukuchuku kwa ndimu, chumvi na pilipili, au mchome. Nakuhakikishia ulimi unazoea. Wiki mbili za kwanza familia italalamika, na ningekushauri usiwatangazie kwamba mko kwenye dayati. Pika tu.

Chipsi sina namna ya kuzitetea. Kiazi cha kuchemsha na kiazi kilichozama kwenye mafuta ni vyakula viwili tofauti. Ukila zege (chipsi mayai) mara moja kwa wiki na kachumbari nyingi, sawa. Ukila kila usiku kwa sababu kibanda kiko njiani, badilisha njia.

Baada ya mafuta, tazama unachokunywa. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, na linasema ukishuka chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Umeshafika ukingoni kwa chai tu. Punguza nusu kijiko kila wiki mpaka ubaki na kimoja au uache. Juisi ya embe iliyotiwa sukari nayo ni sukari. Kula embe lenyewe. Bia ina kilokalori zake pia, kwa kuwa gramu moja ya pombe ina 7, na gramu moja ya wanga ina 4.

Sasa ugali. Watu wanafika kwangu wakiwa wameuacha, wamenunua unga ghali wa vitu vya nje, na baada ya mwezi wamechoka na pesa imekwisha. Siwaungi mkono. Ugali haukukosa kitu. Kipimo ndicho kilichozidi, na mboga imewekwa kidogo pembeni kama ya kusukumia. Geuza sahani: nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo iwe samaki, dagaa, nyama, mayai au maharage, na robo ya mwisho ndiyo ya ugali au wali, donge la ukubwa wa ngumi yako. Ukiweza, uwe ugali wa dona, maana kiini na pumba vimebaki na unashiba mapema. Kula mboga kwanza. Ukimaliza, subiri robo saa kabla ya kuongeza.

Katika hiyo robo ya protini ndipo ninapowabana watu wangu zaidi. Anayepunguza mwili bila kula protini ya kutosha anapoteza misuli pamoja na mafuta, na hubaki mwembamba lakini dhaifu. Kwa mtu anayefanya mazoezi, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni kiwango kizuri. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na hakuna duka la virutubisho litakalokuuzia protini kwa bei ya dagaa. Wakaange bila mafuta kwenye kikaango kikavu, uwaunge na nyanya, ndimu na pilipili hoho. Wenye kipato kidogo huniambia kula vizuri ni kwa matajiri. Nikiwapigia hesabu ya fungu la matembele na dagaa dhidi ya chipsi kuku, wanaona wenyewe.

Kuna shida moja ya mji huu ambayo naijua vizuri: foleni. Mtu anatoka kazini saa kumi na moja, anafika nyumbani saa tatu usiku na njaa ya kufa, anakula sahani mbili na kulala. Beba mayai mawili ya kuchemsha, au hindi la kuchemsha, ule saa kumi na moja kabla hujapanda daladala. Utafika nyumbani ukiwa na akili timamu mbele ya sufuria. Wakati wa Ramadhani ni hivyo hivyo: fungua kwa tende na maji, kisha supu au uji usiojaa sukari, halafu chakula chako cha kawaida. Kaimati, sambusa, katlesi na tambi zikikutana usiku mmoja, na kesho tena, mfungo unaisha umeongezeka.

Mazoezi yanakuja hapa, na nayapenda mno, sitaki kuyaona yakipewa kazi isiyo yake. Yanalinda misuli wakati unapungua, yanasaidia moyo, presha na sukari, na yanazuia uzito uliotoka usirudi. Tumbo huwezi kulichagulia zoezi likayeyuka peke yake. Sitapu mia zitaimarisha misuli iliyo chini ya mafuta, mafuta yatabaki juu. Kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa nguvu lakini bado unaweza kuongea, pamoja na siku mbili au zaidi za mazoezi ya nguvu.

Kama unaanza, tembea dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Shuka daladala vituo viwili kabla ya kwenu. Usikimbie bado kama uzito ni mkubwa, magoti yatakusumbua uache kila kitu. Jumatatu na Alhamisi fanya nguvu nyumbani: kuchuchumaa na kuinuka ukitumia kiti, mara 10, pushapu za ukutani, mara 10, na ukizoea hamia kwenye meza, kisha chini, kuinua madumu mawili ya maji ya lita 5 kama unavuta kuja kiunoni, mara 10, na kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mgongo umenyooka, sekunde 20. Pumzika dakika moja, rudia mzunguko mara tatu. Kila wiki ongeza kidogo. Vikundi vya jogingi vya mtaani vinafaa sana, hasa kwa anayeona aibu kuanza peke yake, kwa sababu kuna mtu atakupigia simu usipoonekana.

Kasi nzuri ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wiki ya kwanza unaweza kushuka zaidi. Sehemu kubwa ya hiyo ni maji. Ndiyo maana chai za kupunguza tumbo zinaonekana kufanya kazi: nyingi zina sanamaki, majani yanayotumika kama dawa ya kuharisha. Unapoteza maji na choo, mafuta yako yako palepale. Vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mkononi na mitandaoni vinanitia hofu kweli. Sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na tangu hapo imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Usimeze kitu ambacho hujui kilichomo.

Mwenye kisukari anayetumia dawa au insulini asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari wake, kwa kuwa sukari inaweza kushuka ghafla. Mjamzito asijipunguze kabisa. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu wakati wa mazoezi, simama na uende hospitali.

Mizani pima mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai. Tepu ya fundi cherehani ninaiamini zaidi: pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi, bila kukaza. Sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ndipo hatari ya maradhi huanza kupanda. Wiki tatu zikipita na tepu haijasogea, usikimbilie kuongeza mazoezi wala kulala njaa. Chukua daftari, andika kila kinachoingia mdomoni kwa siku saba, pamoja na ule wali wa mtoto ulioumalizia, karanga za foleni na kijiko cha kuonjea mboga. Nenda ukapime tena mafuta. Ukiona yote yako sawa, punguza kidogo ile robo ya wanga, ongeza dakika kumi za kutembea, kisha jipe wiki tatu nyingine.